Nanoteknolojia darasani kwa zana za kidijitali: maswali ya walimu wa sayansi na wawezeshaji wao

Majibu haya kuhusu nanoteknolojia (sayansi ya vitu vya nanomita 1 hadi 100, nanomita ikiwa sehemu moja ya bilioni ya mita) ni ya wawezeshaji wanaoandaa mafunzo kazini kwa walimu wa fizikia, kemia na baiolojia wa sekondari, na ya mwalimu anayejifunza peke yake. Tumechukulia shule ya kawaida ya Tanzania au Kenya: kompyuta mpakato chache, umeme unaokatika, na bando linalotoka mfukoni mwa mwalimu.

Sioni mada ya nanoteknolojia kwenye muhtasari wangu. Nitaifundisha kipindi gani?

Usiitafutie kipindi chake. Ipachike kwenye mada ambazo tayari unazo: vipimo na vizio, muundo wa atomi, aina za kaboni, kasi ya mmenyuko, mwanga, utakasaji wa maji, seli. Mwalimu wa kemia anapofundisha kwamba unga wa chokaa humenyuka na asidi haraka kuliko bonge la chokaa, ameshafika mlangoni, bado kuuliza tu, “Na tukiendelea kusaga mpaka tufike atomi mia chache, itakuwaje?” Dakika kumi na tano ndani ya mada iliyopo hubaki kichwani kuliko mhadhara wa saa mbili unaokuja mara moja kwa mwaka.

Mafunzo ya walimu yaanze na programu ipi?

Excel, au LibreOffice Calc. Wengi hutarajia uigizaji wa kompyuta (simulation) wenye rangi na vitu vinavyozunguka, na wawezeshaji wengi huanza hapo kwa sababu unapendeza. Tatizo ni kwamba mwalimu akiona molekuli zinacheza kwenye skrini kabla hajakokotoa chochote, ataondoka na picha nzuri bila hoja. Hoja kuu ya nanoteknolojia ni hesabu ya eneo la uso, na hesabu hiyo inafanyika kwenye safu nne za jedwali.

Chukua mchemraba wa sentimita 1 kila upande. Ujazo wake ni 0.000001 m³. Kwenye safu A andika urefu wa upande kwa mita: 1E-2, 1E-3, 1E-6, 1E-9. Safu B ni idadi ya vipande baada ya kukatakata: =1E-6/A2^3. Safu C ni eneo la kipande kimoja: =6*A2^2. Safu D ni jumla ya eneo: =B2*C2. Mstari wa kwanza utaleta 0.0006 m², yaani sentimita 6 za mraba. Mstari wa mwisho utaleta vipande 10²¹ vyenye jumla ya m² 6,000. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 una m² 7,140. Kwa hiyo kitu cha ukubwa wa dadu, kikikatwa hadi nanomita moja, kinakaribia kufunika uwanja mzima. Waache walimu wabishane kidogo hapo. Ubishi huo una faida.

Yanayoharibika: seli zikiwa kwenye mtindo wa kawaida wa namba, 1E-9 itaonekana kama 0.00 na mwalimu atadhani amekosea. Badilisha ziwe za mtindo wa kisayansi. Kompyuta nyingine zimepangwa kutumia mkato badala ya nukta kwenye desimali, na fomula zinagoma. Na kosa la kila kikao: mtu anaweka sentimita kwenye safu A huku ujazo ukiwa wa mita.

Zoezi la pili ni la atomi zilizo juu ya uso. Mchemraba wenye atomi n kila upande una atomi n³, na zilizofichika ndani ni (n−2)³. Fomula: =(A2^3-(A2-2)^3)/A2^3. Ukiwa na n = 4, asilimia 87.5 ya atomi ziko nje. Kwa n = 10 ni 48.8. Kwa n = 100 ni 5.9, na kwa n = 1,000 ni 0.6 tu. Ikiwa atomi zimepangana kwa nafasi ya takriban nanomita 0.3, basi n = 10 ni chembe ya nanomita 3 na n = 1,000 ni ya nanomita 300. Hapo mwalimu anaona mwenyewe kwa nini mpaka unaotajwa wa nanomita 1 hadi 100 haukuokotwa tu barabarani. Anza na n = 2; ukiweka n = 1 fomula itakupa asilimia 200, na kueleza kwa nini imechanganyikiwa ni swali zuri la kumalizia kipindi.

Wanafunzi wanakariri “moja chini ya bilioni ya mita” bila kuihisi. Nifanyeje?

Kuza kila kitu kwa kipimo kimoja. Tuseme nanomita 1 imekuwa sentimita 1, upana wa ukucha. Upana wa DNA, karibu nanomita 2, unakuwa sentimita 2. Seli nyekundu ya damu yenye nanomita kama 7,000 inakuwa mita 70. Unywele wa nanomita 80,000 unakuwa mita 800, yaani mizunguko miwili ya uwanja wa riadha. Na mwanafunzi mwenyewe? Kila mita yake inakuwa kilomita 10,000, umbali wa kutoka ikweta hadi ncha ya dunia. Wapeleke uwanjani, wapime hatua 70, wasimame.

Picha za ngazi kumi kumi zinazoshuka kutoka galaksi hadi atomi zinafaa baada ya zoezi hilo. Zikitangulia, wanafunzi wanaziangalia kama katuni.

Ni zana zipi za kidijitali zinazotosha?

Tano. Programu ya majedwali; ImageJ au toleo lake la Fiji kwa kupima picha; Phyphox kwa vihisi vya simu; Avogadro kwa kujenga molekuli; na uigizaji wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ambao baadhi umetafsiriwa kwa Kiswahili. Zote hutumika bure au zina mbadala wa bure. Ukiongeza ya sita, iwe Gwyddion, inayochora ramani za uso kutoka kwenye jedwali la namba.

Jukwaa la nanoHUB la Chuo Kikuu cha Purdue lina uigizaji wa kiwango cha chuo, na kazi nzito hufanywa na kompyuta za kwao, hivyo mashine dhaifu haizuii. Lakini linahitaji intaneti muda wote, na maswali yake mengi ni ya shahada. Ni la mwalimu mwenye kiu, si la kidato cha tatu.

Tahadhari kuhusu vitu vya zamani: vielelezo vingi vya nanoteknolojia vilivyotengenezwa kwa Flash vimekufa tangu mwisho wa 2020, na vile vya Java havifunguki kwenye simu. Usiandae somo kwa kuangalia orodha ya viungo; fungua kila kimoja kwa mashine utakayotumia siku hiyo.

Shule haina intaneti. Mafunzo yanawezekana?

Yanawezekana vizuri tu, ilimradi maandalizi yafanyike penye mtandao. Uigizaji wa PhET wa HTML5 hupakuliwa kama faili moja moja na kufunguka kwenye kivinjari bila mtandao. Fiji haihitaji kusakinishwa. Nakili folda nzima na ubofye. Kagua kwanza kama kompyuta ni ya biti 32 au 64, kwa sababu matoleo mapya ya programu nyingi hayakubali mashine za biti 32, na kompyuta za msaada mara nyingi ndizo hizo.

Kwa kundi kubwa, weka Kolibri, programu ya bure ya kusambaza masomo bila intaneti, kwenye kompyuta mpakato moja, iunganishe na ruta isiyo na laini, na vifaa vingine vitapata maudhui kupitia Wi-Fi ya ndani. Chomeka ruta kwenye betri au sola. Umeme ukikatika, kompyuta hubaki hai kwa betri yake lakini ruta huzima na kila mtu anapotea.

Adui asiyetajwa ni flashi. Virusi vinavyogeuza folda kuwa njia za mkato vimeua mafunzo mengi kabla ya chai ya saa nne. Weka faili zote ndani ya zip moja, tumia flashi mbili zilizofomatiwa, na usikubali flashi za washiriki kwenye kompyuta ya mwezeshaji.

Wanafunzi hawaruhusiwi simu. Phyphox itatumikaje?

Simu moja ya mwalimu inatosha. Phyphox ina kipengele cha kuruhusu kifaa kingine kuona vipimo: simu inawasha hotspot, kompyuta inajiunga, na anwani inayotokea kwenye simu inaandikwa kwenye kivinjari. Grafu inaonekana kwenye projekta huku simu ikiwa juu ya meza ya jaribio. Hakuna bando linalotumika. Kumbuka kwamba kihisi cha mwanga hufanya kazi kwenye Android pekee. iPhone haitoi vipimo hivyo kwa programu hii.

Jaribio gani rahisi linafikisha wanafunzi kwenye nanomita kwa kupima?

CD na leza. Mistari ya CD imepishana kwa nanomita 1,600, ya DVD kwa 740. Siyo nano kwa tafsiri kali, lakini ni kipimo kidogo kuliko chochote ambacho rula itagusa, na wanafunzi wanakipata kwa rula hiyo hiyo.

Toboa tundu la milimita 5 katikati ya karatasi ya manila ya A3. Isimamishe wima. Pitisha mwali wa leza nyekundu tunduni ugonge diski iliyosimama sentimita 10 mbele, upande unaong’aa ukielekea karatasi. Rekebisha diski hadi nukta ya kati irudi tunduni. Hapo diski imekabiliana sawasawa na mwali. Nukta zitaonekana pembeni, pande zote mbili. Kwa leza ya nanomita 650, nukta ya kwanza ya CD hukaa kama sentimita 4.4 kutoka tunduni, ya DVD kama sentimita 18.4. Piga picha karatasi pamoja na rula, au pima moja kwa moja.

Pembe inapatikana kwa tanjenti, x/L, kisha nafasi ya mistari ni urefu wa wimbi ukigawanywa kwa sini ya pembe hiyo. Hapa ndipo walimu wa fizikia hujikwaa. Wamezoea jaribio la mianya miwili ambalo pembe ni ndogo na sini hulingana na tanjenti, basi wanagawanya kwa x/L moja kwa moja. Kwa CD watapata chini ya 1,500. Kwa DVD watapata karibu 350, hata nusu ya ukweli haifiki. Usiwakosoe mapema. Waache wapate 350, halafu uliza kwa nini CD ilikaribia na DVD ikapotea.

Lebo nyingi za leza zimeandikwa 630–680, kwa hiyo ukitumia 650 kubali kosa la asilimia chache. Betri za vidonge zikichoka nukta hufifia. Nunua leza inayotumia betri za AAA. Leza isizidi milliwati 1 kwa wanafunzi, wakae upande wa leza na si wa diski, na usitumie za kijani za bei chee, kwa sababu baadhi hutoa pia mwanga wa infraredi usioonekana.

Tunatumiaje picha za hadubini ya elektroni ilhali hatuna hadubini hiyo?

Kwa kuzipima. Picha ikionyeshwa tu ukutani ni pambo. Tafuta picha yenye mstari wa kipimo, ifungue kwenye ImageJ, chora mstari ulionyooka juu ya mstari huo wa kipimo, nenda Analyze kisha Set Scale, andika urefu uliotajwa, mfano 500, na kizio nm. Kuanzia hapo kila mstari utakaochora utatoa nanomita. Kila kundi lipime chembe 30, lichore histogramu, na makundi yalinganishe. Matokeo hayatafanana, na sababu ni nzuri: kundi moja lilichagua chembe zilizo wazi tu, lingine lilihesabu mbili zilizogusana kama moja.

Mwalimu aliyezoea hadubini ya shule atataka “ukuzaji”. Mwambie aachane nao. Picha iliyoandikwa ×50,000 si ×50,000 tena ikishapunguzwa na WhatsApp na kutupwa ukutani na projekta. Mstari wa kipimo hukua na kupungua pamoja na picha, kwa hiyo hausemi uongo. Ila ukipima, pima picha halisi. Ya WhatsApp kingo zake zimeshachafuka.

Wataulizia rangi. Elektroni hazina rangi. Picha za hadubini hiyo ni za kijivu, na rangi zote za kupendeza zimepakwa baadaye na mtu. Mwanga unaoonekana una mawimbi ya nanomita 400 hadi 700, na hadubini ya kawaida ya mwanga hukwama karibu na nanomita 200. Ndiyo maana hakuna lenzi ya shule, hata ikiwa mpya, itakayoonyesha chembe ya nanomita 20.

Hadubini inayopapasa atomi inaelezekaje kwa watoto wa kidato cha pili?

Kwa boksi la viatu na vijiti vya mishikaki. Gundisha ndani ya boksi vitu vya urefu tofauti: kifuniko cha chupa, maharage, kipande cha ndala. Toboa kifuniko cha boksi matundu kila sentimita 1, safu 8 kwa 12, jumla 96. Kijiti kiwe na alama za milimita. Mwanafunzi mmoja anashusha kijiti wima hadi kiguse, wa pili anasoma, wa tatu anaandika kwenye jedwali. Kisha Excel inachora uso. LibreOffice haina grafu ya aina hiyo. Tumia rangi za seli zinazobadilika kwa thamani, inatosha kabisa.

Kosa linalojirudia ni kuandika kina badala ya kimo, milima ikageuka mabonde. Toa kila kipimo kwenye kina cha boksi tupu. Harage moja likikaa kati ya matundu halitaonekana kabisa, na hapo ndipo somo lilipo: kifaa huona kile tu ambacho hatua zake zinafikia. Picha halisi ya hadubini ya aina hii nayo ni jedwali la namba. Yenye nukta 256 kwa 256 ina namba 65,536.

Jinsi ncha inavyohisi uso inaonyeshwa kwa rula ya chuma. Ibane mezani ikiwa imechomoza sentimita 15, gundisha kioo cha sentimita 1 kwenye ncha, mulika leza hapo, mwanga urudi ukutani mita 3 mbali. Sukuma ncha milimita 1. Nukta ukutani itahama takriban milimita 60. Ncha ya rula imeinama radiani 0.01, mwanga unaorudi unageuka mara mbili yake, na umbali unafanya yaliyobaki. Weka leza kwenye meza nyingine. Ikikaa meza moja na rula, anayeegemea meza ndiye atakayepimwa.

Kwenye Avogadro walimu wanapata majibu makubwa mara kumi. Kwa nini?

Programu inatoa ångström, na nanomita 1 ni ångström 10. Kaboni mbili zilizo jirani kwenye grafini (tabaka la kaboni lenye unene wa atomi moja) zinapaswa kuwa ångström 1.42, sawa na nanomita 0.142. Molekuli ya C60, yenye pembetano 12 na pembesita 20, ina kipenyo cha karibu nanomita 0.7. Kosa la pili ni kuchora molekuli na kuipima bila kuinyoosha kwanza kwa Optimize Geometry. Programu itapima mchoro wako uliopinda.

Tunaweza kutengeneza chembe nano kwenye maabara ya shule?

Za fedha, ndiyo, kwa nitrati ya fedha ambayo maabara nyingi tayari zinayo, na majani ya mwarobaini. Osha gramu 10 za majani, katakata, chemsha kwa dakika 10 katika mililita 100 za maji yaliyokenekwa, chuja, acha yapoe. Chukua mililita 1 ya nitrati ya fedha ya 0.1 M uiongeze maji yaliyokenekwa hadi mililita 100. Sasa ni 0.001 M. Changanya mililita 45 za hiyo na 5 za mchujo wa majani. Pasha moto polepole kwenye maji ya nyuzi 60. Rangi itaelekea manjano kisha kahawia, kwa dakika kumi na tano au kwa saa kadhaa kulingana na majani. Jaribu siku moja kabla. Fedha iliyotumika haifiki miligramu 5.

Weupe kama wa maziwa ukitokea papo hapo, maji yako yana kloridi. Ulitumia ya bomba au ya kisima. Mashapo meusi chini maana yake chembe zimegandamana. Na tafadhali: “maji ya betri” dukani yanaweza kuwa asidi. Soma chupa.

Rangi ya kahawia peke yake haithibitishi kitu, kwa kuwa majani nayo yana rangi. Lazima kuwe na chupa ya kulinganishia: mililita 5 za mchujo na 45 za maji matupu. Piga picha chupa zote mbili kwa pamoja mbele ya karatasi nyeupe, tenganisha rangi kwenye ImageJ kwa Split Channels, na linganisha tabaka la buluu, kwa sababu chembe za fedha hunyonya zaidi mwanga wa nanomita 400 hadi 450. Leza nyekundu ikipita itaonyesha mwali ndani ya chupa. Kwenye maji ya chumvi safi haionekani. Asiye na nitrati ya fedha atumie matone matatu ya maziwa kwenye mililita 250 za maji.

Glavu zivaliwe, maana nitrati ya fedha huweka madoa meusi ya ngozi yanayodumu siku kadhaa.

Mfano gani wa Afrika Mashariki unafaa?

Chujio la maji la Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, lililoshinda tuzo ya Afrika ya uvumbuzi wa kihandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015. Linaunganisha mchanga na vifaa vya nano, na hurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali.

Litumie kuuliza swali gumu. Bakteria ana nanomita kama 1,000, kirusi makumi hadi mamia, lakini ioni ya floridi, tatizo kubwa la maji ya Arusha na bonde la ufa, haifiki hata nanomita 0.3. Chujio lenye matundu ya nanomita 50 litaipitisha bila habari. Basi inaondolewaje? Kwa kunata juu ya uso wa kitu chenye eneo kubwa mno. Tunarudi kwenye ule uwanja wa mpira. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na mwanafunzi anaweza kukokotoa ni kiasi gani cha floridi kiondolewe kwenye ndoo ya lita 20 yenye miligramu 6 kwa lita. Jibu ni miligramu 90.

Maneno ya Kiswahili yanachanganya. Tutumie yapi?

Neno la hatari ni “chembe”. Wengine wamelisoma kama seli (“chembe hai”), wengine kama punje, wengine kama atomi. Kubalianeni siku ya kwanza: chembe ni kipande chochote kidogo, na ukubwa wake utajwe, seli ni seli, atomi na molekuli zibaki hivyo. Hadubini ni ya vitu vidogo, darubini ni ya mbali. Mtihani uko kwa Kiingereza, kwa hiyo ubao uwe na nguzo mbili za istilahi, ila majadiliano ya “kwa nini” yafanyike kwa lugha ambayo mwanafunzi anabishana nayo nyumbani.

Historia je?

Fupi. Hotuba ya mwanafizikia Richard Feynman ya 1959 na neno lenyewe lililotumiwa na Norio Taniguchi wa Japani 1974 hutajwa kila mahali. Kwa darasa, tarehe yenye uzito ni 1981, Binnig na Rohrer walipounda hadubini iliyoonyesha atomi moja moja juu ya uso. Ukitaka habari ya karibuni, Nobeli ya kemia ya 2023 ilikwenda kwa nukta za kwantamu, chembe nano ambazo rangi yake hutegemea ukubwa: kitu kilekile, zenye nanomita kama 2 zikang’aa buluu, za kama 6 nyekundu.

Mafunzo yachukue muda gani, na vifaa viwe vingapi?

Siku tatu, kisha wiki sita za ufuatiliaji. Walimu 24 katika makundi nane, wakichanganywa masomo. Siku ya kwanza ni vipimo na majedwali. Ya pili ni majaribio na upimaji wa picha. Ya tatu yote ni ya kufundishana, dakika 15 kila kundi, na kundi lifundishe huku projekta imezimwa walau dakika tano; umeme utakatika siku moja, bora ukatikie hapa. Wiki za ufuatiliaji ziingie kwenye mikutano iliyopo, kwa Tanzania jumuiya za kujifunza chini ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini). Kila mwalimu alete jedwali moja lililojazwa na wanafunzi wake, siyo cheti cha kuhudhuria.

Vifaa: kompyuta mpakato 8, leza 8 na betri za akiba 16, CD 8, DVD 4, maboksi ya viatu 8, vijiti vya mishikaki 20, rula za chuma 4, manila 10, simu za Android 3. Khanga nzito madirishani hutosha kwa giza la leza.

Nitapimaje kama mwalimu ameelewa?

Mpe maswali matatu kabla na baada. Je, atomi za dhahabu kwenye chembe ya nanomita 20 ni ndogo kuliko za pete? Je, chembe hiyo ina rangi ya dhahabu? Je, kupunguza upande mara kumi kunaongeza jumla ya eneo mara ngapi? Majibu ni hapana. Hapana, koloidi yake, yaani chembe hizo zikielea majini, ni nyekundu. Na mara kumi. Swali la kwanza ndilo linaloumbua. Wengi hudhani kila kitu kimepungua, atomi nazo.

Ninunue poda ya nano mtandaoni kwa maonyesho?

Usinunue. Poda kavu huruka na kuvutwa mapafuni, na maabara ya shule haina kinga ya hewa inayofaa. Fanya kazi na vilivyo ndani ya maji tu.

Mabaki ya fedha yamwagwe wapi?

Yasimwagwe sinki. Yakusanye chupa moja, ongeza kijiko cha chumvi, acha usiku kucha yatuame, mimina maji ya juu kupitia karatasi ya chujio, na mashapo yahifadhiwe kwenye chupa yenye lebo na tarehe. Usichanganye kamwe na mabaki yenye amonia kutoka kwenye jaribio la kioo cha fedha. Mchanganyiko wa fedha na amonia ukikaa unaweza kulipuka.